Mama Mkunga Anajibu: Moyo Unapokwenda Mbio Ghafla

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja. Msimu wa korosho umeanza, watoto wa kidato cha nne wanakaribia mitihani, na pesa ambayo kila nyumba imeshaipangia matumizi bado haijaingia. Kwa hiyo safu yote ya leo nimeitoa kwa jambo moja: ile dakika mtu anaposhikwa na hofu au hasira ya ghafla, afanye nini pale pale alipo, kabla hajatamka neno baya au kabla miguu haijamwisha nguvu. Nimefanya ukunga Lindi na Mtwara tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyatumia wodini kwa kina mama waliokuwa wamenishika kanga wakisema, "Mama, nakufa."

Shikamoo Mama Mkunga. Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, Tandahimba. Juzi mkulima mmoja alinishutumu mbele ya foleni nzima kwamba nimempunja kilo. Moyo ulianza kwenda mbio, midomo ikafa ganzi, vidole vikawa vinachomachoma, kisha nikaona giza. Wenzangu wakasema nina presha. Nimepima zahanati, presha iko sawa. Mwingine akaniambia siku nyingine nipumulie ndani ya mfuko wa karatasi. Sasa kila nikiona magunia yanashushwa naogopa hali ile itanirudia. Nifanyeje? (Karani, miaka 27)

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kwenda kupima kwanza, na ningependa kila msomaji afanye hivyo kabla ya kujiambia kwamba ni mawazo tu.

Kilichokupata kinaeleweka. Juu ya figo zako kuna tezi mbili ndogo. Ukishtuka, tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi, damu hupelekwa kwenye misuli mikubwa ya mapaja na mikono, na mwili mzima hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jambo hili tangu mwaka 1915. Lakini wewe hukupigana wala hukukimbia. Ulibaki umesimama nyuma ya mizani na kalamu mkononi, huku mwili wako una nguvu zote zile na hauna pa kuzipeleka.

Ganzi ya midomo ina sababu yake. Mtu akiogopa hupumua haraka haraka bila kujitambua, na hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, hutoka mwilini kwa wingi kuliko inavyotengenezwa. Ikipungua kupita kiasi, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hubana, ndipo kizunguzungu na giza huja, na neva za midomo na vidole huanza kuchomachoma. Hapo mtu hudhani amekosa hewa. Anavuta zaidi, anavuta tena, na hali inazidi kuwa mbaya. Hofu ya namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Jambo hilo likae kichwani mwako, kwa sababu mtu anayejua kwamba hali ina mwisho haongezi hofu juu ya hofu.

Sasa dawa. Shika kifundo cha mkono wako wa kushoto, weka vidole viwili chini ya kidole gumba mpaka uyapate mapigo. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Kwa kijana kama wewe utasikia kabisa: unapovuta, mapigo yanaharakisha kidogo, unapotoa, yanapunguza mwendo. Kazi hiyo hufanywa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka hadi moyoni na tumboni. Huwezi kuuamuru moyo upunguze kasi ukakusikia, lakini pumzi unaweza kuiamuru, nao moyo huifuata. Hili ndilo nililowafundisha kina mama wodini miaka yote ile. Hakuna mama aliye katika uchungu anayetulia kwa kuambiwa "tulia". Nilikuwa nauweka uso wangu karibu na wake, anione macho, kisha namwambia: puliza, polepole, kama unapoza uji. Neno langu la kwanza halikuwa "vuta". Lilikuwa "puliza".

Nawe anza hivyo hivyo. Toa hewa yote kwa mdomo. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lijae kabla ya kifua. Toa kwa mdomo ukihesabu hadi 6, na ukizoea fika 8. Endelea dakika mbili au tatu. Ikiwa hofu ni kali na kuhesabu kunakushinda, iko njia nyingine fupi zaidi. Vuta kwa pua mpaka kifua kijae, halafu kabla ya kutoa ongeza kipumzi kingine kidogo juu yake, kisha achia yote kwa mdomo, taratibu, mpaka iishe. Mara mbili tatu zinatosha kuhisi mabega yanashuka. Mtazame mtoto aliyelia sana akaanza kunyamaza: atavuta pumzi mara mbili zikifuatana, kisha ashushe moja ndefu. Mwili wake unajituliza bila kufundishwa na mtu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha njia kadhaa za kupumua na tafakuri, kila moja dakika 5 kwa siku kwa mwezi mmoja. Pumzi hii ya mivuto miwili ndiyo iliyowapa watu nafuu kubwa zaidi ya hisia zao.

Najua utaniuliza: nitapumuaje mbele ya foleni, kila mtu ananitazama? Weka kalamu chini. Sema, "Mzee wangu, naomba tulipime tena gunia hili, usogee hapa uone mwenyewe." Wakati linashushwa na kupandishwa upya una muda wa pumzi tatu au nne ndefu, na hakuna atakayejua unafanya nini. Tena hapo umefanya la haki, maana mzee yule naye moyo wake unakwenda mbio. Amepalilia, amenunua salfa na kuipuliza ili ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, usimmalizie maua, ameokota korosho moja moja, na mwaka wake wote uko juu ya mizani yako. Ukilikumbuka hilo, maneno yake hayatakuchoma sana.

Pia fanya zoezi hili siku ambazo hujashikwa na kitu. Asubuhi kabla ghala halijafunguliwa, kaa dakika chache upumue. Mwili hujifunza ukiwa umetulia. Anayeanza kujifunza siku ya ugomvi atasahau hata hesabu ya nne.

Mfuko wa karatasi uache kabisa. Kama tatizo ni pumu au moyo, mfuko unaweza kukupunguzia hewa unayoihitaji. Na wasomaji wote naomba mnisikilize hapa: maumivu ya kifua yanayobana na kwenda kwenye mkono, shingo au taya, jasho la baridi, mdomo kwenda upande, upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu, hayo si ya kupumulia. Ni ya kutafuta gari saa hiyo hiyo na kwenda hospitali. Hasa mwenye umri uliosogea, mwenye sukari, au mwenye presha.

Shikamoo mama. Naendesha bodaboda Mnazi Mmoja, Lindi. Lori lilinibana nikiwa na abiria, tukatokea kwenye majani. Hatukuumia, lakini nilitetemeka mikono na miguu nikashindwa hata kuwasha pikipiki. Wenzangu kijiweni wakanipa uraka, pombe ya mabibo, nipoze moyo, nikanywa, nikaendelea na kazi. Vinywaji vya kuongeza nguvu pia natumia sana nisisinzie. Kuna njia nyingine ya haraka? (Dereva wa bodaboda)

Marahaba baba. Nashukuru Mungu wewe na abiria wako mko salama.

Uraka siukubali. Nasema hivyo nikijua kwamba katika msimu wa mabibo uraka unapatikana kila kona na kwa bei ndogo. Pombe itakulegeza, ni kweli, lakini inachelewesha macho na mikono, na wewe ulirudi barabarani ukiwa na roho ya mtu mwingine nyuma yako. Kijiweni waambie wenzako hivyo hivyo, kwamba aliyetoka kunusurika hapewi kikombe, anapewa maji na mahali pa kukaa.

Kutetemeka kule si ugonjwa. Misuli yako ilipewa nguvu za kukimbia ikakosa mbio. Basi ipe kazi. Egesha pikipiki mbali na lami, vua kofia, tembea kwa haraka kwenda na kurudi, kung'uta mikono. Kisha kaa chini, kunja ngumi kwa nguvu zako zote, hesabu hadi 5, halafu ziachie kwa mara moja. Utasikia vidole vinapata joto. Inua mabega hadi karibu na masikio, yashikilie, yaachie. Kaza mapaja, achia. Kunja vidole vya miguu ndani ya kiatu, achia. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani aliikuza njia hii mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya kuona kwamba msuli ukikazwa kwa makusudi kisha ukaachiwa, hulegea, na wasiwasi hupungua pamoja nao. Malizia na pumzi ndefu kama nilivyomweleza karani.

Kabla hujawasha tena, nyoosha mkono mbele yako utazame vidole. Vikitetemeka, bado. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Abiria mwenye haraka mtafutie mwenzako ampeleke. Nauli hiyo moja iache iende.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini, nayo huchukua saa 5 hivi kupungua nusu tu mwilini. Mtu aliyekunywa viwili jioni ana moyo unaodunda tayari hata kabla lori halijatokea, na usiku hapati usingizi mzuri, kesho anasinzia, anakunywa tena. Usingizi hautibiwi na chupa. Ukisinzia, simama ulale hata dakika 20 kivulini.

Mama Mkunga, habari za kazi. Binti yangu anafanya mtihani wa kidato cha nne mwezi ujao. Darasani anajua, walimu wanamsifu. Kwenye mtihani wa majaribio alitazama karatasi akasema kichwa kimekuwa cheupe, akatoka analia. Nimemwambia asiogope lakini haisaidii. (Mama, Newala)

Nzuri, mwenzangu. "Usiogope" haijawahi kumsaidia mwenye hofu, kwa hiyo tuiache.

Mpe karatasi na kalamu. Kabla ya kuingia kwenye chumba cha mtihani, aandike kwa dakika 10 kila anachokihofia, bila kupanga maneno: kwamba atafeli, kwamba utamkasirikia, kwamba rafiki zake watakwenda kidato cha tano yeye abaki. Akimaliza, aichane. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2011 kwamba wanafunzi wenye hofu ya mtihani walioandika hofu zao namna hii kabla ya kuanza walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakuandika. Kichwa kina nafasi ndogo ya kushikilia mambo kwa wakati mmoja, na hofu isipotolewa hukaa katika nafasi ambayo ingekaliwa na hesabu.

Akishapewa karatasi ya mtihani, asianze na swali la kwanza kwa sababu tu ni la kwanza. Aweke nyayo zote mbili sakafuni, atoe pumzi tatu ndefu, asome maswali yote, aanze na lile analolijua zaidi. Kichwa kikiwa cheupe tena, aache kukilazimisha. Aguse meza, asikie ubaridi wake. Atazame vitu vitano vilivyomo chumbani, avitaje kimoyomoyo: dirisha, ubao, kiatu cha msimamizi, chochote. Jambo hilo huyarudisha mawazo hapa alipo, yaache kukimbilia matokeo ya mwakani.

Na wewe mama, asubuhi hiyo mpe uji na kitu cha kutafuna, umsindikize bila kumkumbusha ada mlizolipa. Ada anazikumbuka mwenyewe.

Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 63, Mikindani. Siku hizi nakasirika ghafla sana. Mjukuu akivunja kikombe tu, damu inapanda kichwani, mikono inatetemeka, napiga kelele mpaka majirani wanatoka. Barazani tunapokunywa kahawa mwenzangu ameniambia huo ni upungufu wa imani. Ni kweli? (Mwalimu mstaafu)

Waaleikum salaam, mwalimu. Imani ya mtu haipimwi na mwanadamu mwenzake, na mwenzako wa baraza hana kipimo hicho. Presha yako inapimika. Nenda ukapime, wala usingoje kichwa kiume.

Ukiona hasira inapanda, dini yako yenyewe imekupa njia. Tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) alisema aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na isipomtoka alale. Mkunga anakuthibitishia kuwa mwili ulioketi na kuegemea hauko tayari tena kwa ugomvi. Kisha maji. Maji ya baridi usoni, kwenye paji la uso na kuzunguka macho, huku umezuia pumzi kwa muda mfupi, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Mwili hufanya hivyo kwa kila mtu anayezamisha uso majini. Maji ya bomba la Mikindani mchana huwa ya vuguvugu, hivyo chota ya mtungini. Ila mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kwanza.

Baada ya hapo shika tasbihi. Mwaka 2001 watafiti kutoka Italia walichapisha kwamba watu waliposali rozari kwa Kilatini, na pia waliporudia maneno ya yoga, pumzi zao zilishuka hadi karibu 6 kwa dakika, na hali hiyo ikausaidia moyo. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Sioni kwa nini dhikri isomwayo taratibu, kwa pumzi ndefu, isifanye kazi ile ile. Isome polepole. Ikisomwa mbiombio ili idadi itimie, pumzi nayo itakwenda mbio.

Kahawa ya asubuhi kunywa, mwalimu, baraza ina faida zake. Ya jioni punguza. Na mjukuu umwite, umwambie kikombe kimesamehewa. Mtoto anayeogopa nyumbani kwao mwili wake unaumia vile vile ulivyoumia wako.

Shikamoo mama. Nauza samaki Lindi mjini. Nilichukua mikopo ya kausha damu, mmoja wa mtaani, mingine ya kwenye simu. Sasa simu ikilia tu tumbo linakata, natetemeka, nakimbilia chooni. Wametuma meseji hata kwa shemeji yangu kunidhalilisha. Usiku silali. Wakati mwingine nawaza heri nisingekuwepo. Nisaidie. (Muuza samaki)

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na nakujibu kwa uzito wote nilionao.

Simu ikilia, usiipokee hapo hapo. Iache iite. Kaa, kandamiza nyayo chini, puliza pumzi ndefu nne au tano, shika kitu cha baridi mkononi, hata kama ni samaki wa kwenye ndoo yako. Kisha amua wewe kama unapiga au hupigi. Zima mlio kwa namba zao, uchague muda mmoja wa mchana wa kuzitazama meseji, siyo usiku. Mwili ulioshtushwa mara kwa mara kila siku haupati nafasi ya kujirudisha, ndiyo maana tumbo linakata hata simu ya dada yako inapolia.

Lakini pumzi haitalipa deni, na nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Chukua daftari, ukae na mtu unayemwamini, muandike kila mkopeshaji, kiasi ulichopokea na kiasi ulicholipa. Kisha uulize leseni. Wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali chake. Benki Kuu ina tawi Mtwara. Malalamiko yako yana pa kufikishwa. Meseji za kudhalilisha usizifute, ni ushahidi. Shemeji yako mweleze ukweli wewe mwenyewe. Aibu hupungua sana pale ambapo hakuna tena mtu wa kumficha.

Lile la kuwaza heri usingekuwepo, usilale nalo peke yako hata usiku wa leo. Mwambie dada yako, au jirani, akae nawe. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda sokoni, aende nawe Hospitali ya Sokoine hapo Lindi, muulizie kitengo cha afya ya akili. Kama maneno yatakukwama mlangoni, mpe nesi wa kwanza utakayemkuta barua uliyoniandikia, aisome.